Mwalimu Yuditha Shemdoe, Aliyeacha Kuwasimamisha Watoto

Mwalimu Yuditha Ernesti Semboja, mke wa marehemu Elieza Shemdoe, alizaliwa tarehe 14 Machi 1965 huko Dindira, wilayani Korogwe, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa mzee Ernesti Semboja, mchuma chai, na mama Eliwaza.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Dindira kuanzia mwaka 1973 hadi 1979. Siku zile somo la hesabu lilianza darasa zima likiwa limesimama. Mwalimu anauliza, anayejibu anakaa, anayebaki mwisho anachapwa. Yuditha alikuwa wa kwanza kukaa miaka yote saba. Mdogo wake, Gerald, anakumbuka dada yake akirudi nyumbani akiimba jedwali la saba njia nzima katikati ya chai, mpaka wachumaji wakamsihi anyamaze. Miguu ya anayebaki amesimama hakuwahi kuijua.

Baada ya sekondari na mafunzo ya ualimu mjini Korogwe, aliajiriwa mwaka 1987 katika shule moja wilayani Handeni, akafundisha kama alivyofundishwa. Tarehe 8 Desemba 1990 alifunga ndoa na Elieza Shemdoe, fundi wa reli, katika kanisa la Old Korogwe. Mungu aliwajalia watoto watatu, Loyce, Clinton na Loveness. Elieza alitangulia mwaka 2015.

Aya inayofuata imetuweka vikao viwili. Mjomba Gerald alisema wazi, "Mambo hayo hayasomwi makaburini. Watu wataondoka na lipi?" Lakini marehemu aliyaandika kwa mkono wake, na chini akaongeza, "Msiposoma hili, msisome chochote." Basi Loyce, binti yake mkubwa, anayasoma.

Mwaka 1998, katika darasa lake la nne, alikuwapo msichana wa miaka kumi, Mwaija Sadala. Kwa wiki tatu Mwaija alibaki wa mwisho kila asubuhi, na kila asubuhi Mwalimu Yuditha alimchapa. Wiki ya nne Mwaija hakuonekana. Mwalimu alimkuta gulioni, akimsaidia mama yake kupanga machungwa mafungu ya matano matano. Akamuuliza yako mangapi. Mtoto hakuinua hata kichwa, "Mafungu kumi na nne, sabini. Na haya matatu yamebaki."

"Mbona darasani hujui?"

"Hapa sijasimamishwa, mwalimu."

Mwalimu aliomba radhi pale pale, mbele ya wanunuzi. Alikwenda kwa wazazi wa mtoto mara nne, na mara ya nne akakuta nyumba imefungwa, familia imehama. Mwaija hakurudi shule. Marehemu aliumia, na hakutafuta wa kumtupia lawama.

Tangu siku hiyo hakumsimamisha mtoto tena. Aliyekosea aliitwa ubaoni kwa upole, jibu lake likaandikwa kama lilivyo, kisha akaulizwa, "Umefikaje hapo?" Mtoto alieleza njia yake mpaka akaliona kosa mwenyewe, na wenzake wakampigia makofi. Alipohamia Mnyuzi mwaka 2009, wazazi walilalamika kwamba anapigia makofi ujinga. Aliitwa kwenye kikao, akawajibu kwamba mtoto anayeiogopa hesabu hawezi kuifikiri.

Januari mwaka huu alikuja mama mmoja kumleta binti yake, Munira, darasa la nne. Alipomwona mwalimu, alimshika mtoto mkono kwa nguvu. Alikuwa Mwaija, aliyeolewa Mnyuzi.

"Huyu namjua," alisema. "Mwanangu simwachi hapa."

Marehemu alimwambia, "Kaa dirishani, mama Munira. Siku ukimwona amesimamishwa, mchukue, wala usiniage."

Mwaija alikaa chini ya dirisha lile muhula mzima, kanga kichwani, haongei na mtu. Marehemu alikiri kwamba hajawahi kufundisha akiwa na hofu kiasi kile, hata siku ya mkaguzi. Muhula wa pili dirisha likawa tupu, na Munira akawa anatangulia kufika shuleni.

Mwezi wa Juni figo zake zilianza kushindwa. Kila Jumatano alipelekwa Tanga kusafishwa damu, na mwalimu mwingine akashika kipindi. Jumatano moja ya Septemba watoto walisimamishwa. Munira alibaki wa mwisho. Kesho yake hakwenda shule, na mtihani wa taifa ulibakiza wiki sita.

Mama yetu alipanda bodaboda, mkono ukiwa na bandeji, akaenda kwa Mwaija. Loyce alikuwa naye, na alimwomba asiende.

"Uliniahidi, mwalimu," Mwaija alisema mlangoni, bila kumkaribisha ndani.

"Nilikuahidi. Nimeshindwa mara ya pili. Sikuombi umrudishe kwa ajili yangu. Niletee nyumbani, nimfundishe kitandani."

Mwaija aliitazama ile bandeji. Kisha akasema, "Nitakaa naye."

Munira alikuja kila alasiri pamoja na mama yake. Wiki ya pili walikuja watoto kumi na mmoja zaidi, wakajaa mkekani. Mwalimu yule wa Jumatano naye alikuja, akaombwa aketi kama wengine. Yupo hapa leo, na kipindi anacho yeye.

Ijumaa tarehe 11 Oktoba, Munira alizidisha sita kwa kumi na tatu, akapata sitini na nane. Mama, sauti imekwisha, aliuliza, "Umefikaje hapo?" Mtoto alianza kueleza, akakwama, akacheka kwa nguvu. "Mwalimu, nimeisahau ile moja niliyoibeba!"

"Irudie," mama akasema. Baada ya hapo hakufundisha tena. Alifariki dunia nyumbani kwake Mnyuzi, Jumamosi tarehe 12 Oktoba 2024, saa moja asubuhi.

Ameacha watoto watatu, wajukuu watano, kaka, wadogo, na wanafunzi aliowafundisha kwa miaka thelathini na saba. Mwaija ameruhusu jina lake litajwe. Ameketi mstari wa pili, na Munira yuko pamoja na wenzake pale mbele. Mtihani wao ni wiki ijayo.

Sasa tunaombwa wote tusimame kwa dakika moja. Watoto wa darasa la nne, ninyi bakini mmekaa. Ndivyo alivyoagiza. Mwalimu wenu na apumzike kwa amani.