Pizote Mseja na Daraja la Kamba

Mheshimiwa Meya, ambaye leo umefika mapema kuliko tulivyokuzoea, Padri Wálter, Bwana Mhandisi wa Barabara, Mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Quebrada Mansa, Mwalimu Mkuu na walimu wako, ndugu wageni waalikwa, majirani zangu, na ninyi watoto mliokaa juu ya ukuta mliokatazwa kukaa: habari za asubuhi.

Jafet, mwanangu, na wewe ni mtoto. Shuka.

Kamati imenipa dakika chache, na mtoto huyu wa mgongoni nimejipa mwenyewe. Akilia nitaendelea kusema, maana nimeshazoea kufanya yote mawili kwa pamoja, na wenye watoto wananielewa.

Ndugu zangu, tumekusanyika kufungua daraja ambalo hakuna hata mmoja wetu atakayelipita. Ni kamba mbili nene zenye vipande vya mbao katikati, kutoka mti wa upande huu wa barabara hadi mti wa upande ule, juu ya kona ya Don Evelio. Je, tumepata wazimu? Wenzetu wa kijiji jirani cha Santa Eduviges wanasema ndiyo. Lakini hao walilitaka daraja hili hili, kwa hiyo tuwaache waseme.

Mnakumbuka lilikoanzia. Kima jike aligongwa na lori mbele ya mlango wangu, na mtoto wake akabaki juu ya waya wa umeme akilia. Jafet aliniuliza yule mtoto atanyonya kwa nani na atalala wapi. Usiku ule akauliza tena, na kesho yake, na kesho kutwa. Kwa hiyo nikaenda manispaa, mtoto mmoja mkononi na mwingine tumboni, na manispaa ikanijibu kwa heshima kubwa: daraja lipo, lakini ni moja, na litajengwa mahali ambapo wananchi watathibitisha kuwa wanyama wanavuka. Uthibitisho ufike kabla ya mvua. La sivyo, linakwenda Santa Eduviges.

Ndipo tukaanza kupiga picha. Ukimwona mnyama, ndege au ua la porini, unampiga picha kwa simu, unaeleza ulipomwonea, unaituma kwenye ile programu ya kutambua wanyama na mimea, na mtaalamu wa mji mkuu anakuambia umeona nini. Kazi rahisi. Doña Xinia wa duka la mikate alituma paka wake mara kadhaa kwa majina mbalimbali, na kila mara paka alirudi akiwa paka. Padri Wálter alituma bundi mweupe aliyetua juu ya mti wa kanisa. Mtaalamu akamjibu kwa upole kwamba ule ni mfuko wa mikate. Padri, hatukucheka. Tulicheka tulipofika nyumbani.

Picha nzuri kuliko zote zilikuwa za Don Evelio, fundi wetu wa matrekta. Hilo si ajabu, kwani anaishi peke yake pale kwenye kona, na wanyama huvukia juu ya bati lake. Kima, mijusi, na pizote: yule mwenye pua ndefu kama ya jirani anayenusa chungu chako, na mkia uliosimama wima. Nusu ya ushahidi wetu ulikuwa wake. Halafu likaja lile neno.

Nani hapa hakulelewa akijua kuwa kuna wanyama wawili? Yupo pizote, anayetembea na kundi, mama na watoto na mashangazi. Na yupo pizote mseja: mkubwa zaidi, mkali zaidi, anayetembea peke yake na asiyemsalimia mtu. Bibi zetu walitufundisha hivyo. Mimi nimewafundisha wanangu hivyo. Mwalimu Mkuu, usiangalie chini, ubao wako nao ulisema hivyo. Basi Don Evelio akatuma picha akaandika: pizote mseja. Mtaalamu akasahihisha: pizote. Don Evelio akaandika tena. Mtaalamu akaeleza kwamba pizote ni mmoja tu, na huyo mseja ni dume, maana majike humfukuza akishakomaa.

Don Evelio akaondoa picha zake zote. Kona ikabaki bila hata mjusi, na mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika.

Kamati ikatuma wajumbe. Wakarudi bila kukaribishwa kahawa, na katika kijiji hiki mtu akikunyima kahawa ameshakuambia yote. Basi nikaenda mwenyewe.

Alikuwa chini ya trekta. Akauliza bila kutoka, "Umetumwa?"

Nikamwambia, "Nimechoka, Don Evelio. Nimepita nikae kidogo."

Akatoka, akaondoa vyuma juu ya kiti, akakifuta kwa shati lake, jambo lililokichafua zaidi. Nikakaa. Akamtazama mtoto niliyekuwa nimembeba, akatazama barabara, kisha akasema: "Mwanangu, yule mnyama namjua tangu nina nywele kichwani. Hana kundi, haombi mtu kitu, halii njaa mlangoni kwa mtu. Leo kijana wa mji mkuu aniambie kuwa ni dume tu aliyefukuzwa na wanawake?"

Nikaona nisiulize tunamzungumzia nani.

Nikamwambia, "Basi usimwamini mtaalamu. Amini macho yako, msimu wao wa kutafutana ndio huu. Mseja wako akilipita kundi bila kugeuka, nitasimama mbele ya watu wote niseme mtaalamu kakosea. Akiingia kundini, unarudisha picha zote."

"Na wewe unapata nini?"

"Jafet atalala."

Alikwenda jikoni akaleta kahawa.

Mheshimiwa Meya, ndugu wageni, kilichofuata mmekiona wengi wenu, kwa sababu video ile imezunguka hadi Santa Eduviges. Dume anashuka mtini kichwa chini, kama mtu anayeingia kanisani mahubiri yakiwa yameshaanza. Majike wanamkimbiza. Anarudi. Mmoja anamzaba kofi puani. Anarudi. Mwisho mmoja, mwenye mkia uliokatika ncha, anamwachia ajongee, naye dume anaanza kumchambua kupe shingoni taratibu, kama fundi anayesafisha kabureta. Don Evelio aliipiga mwenyewe, na angeweza kuifuta mwenyewe pasipo shahidi. Aliituma kwetu sote pamoja na maneno haya: "Ni yule yule. Nilikosea. Picha nimerudisha."

Ni wangapi hapa tumewahi kuandika neno "nilikosea" mahali ambapo kijiji kizima kinasoma? Sitazami upande wa meza kuu. Natazama mbele tu.

Hivyo tukapata daraja, na Santa Eduviges wakapata la kusema. Wiki hii kima jike amelipita na mtoto mgongoni, kwa mwendo wangu huu huu wa kuchoka. Nilimwonyesha Jafet picha. Akaitazama sana, akaniuliza kama kuna chakula cha asubuhi. Hilo ndilo swali nililokuwa nalingojea.

Bwana Mhandisi, tunakushukuru kwa kazi nzuri. Kamba zikilegea nitakupigia simu, na huyu mtoto atakuwa analia karibu na kipaza sauti. Na yale matuta ya barabara uliyoahidi, sijayasahau.

Sasa nimalizie na kibao. Kamati ilikubaliana kwamba jina liwe Daraja la Pizote Mseja, kwa heshima ya mtu tunayemjua, na watoto wa shule wakaliandika jana kwa rangi nyeupe. Leo alfajiri, kabla kibao hakijafunikwa kitambaa, nilikwenda kukitazama. Neno la mwisho halipo. Limepakwa rangi ya buluu, vizuri, bila kudondosha hata tone.

Sitamtaja mtu. Ninachosema ni kwamba buluu ile ipo mahali pawili tu katika Quebrada Mansa: kwenye kibao hicho, na kwenye mlango wa duka la mikate. Doña Xinia, iache mikono yako huko huko chini ya aproni, hakuna aliyekuuliza kitu.

Don Evelio, nakuona umesimama peke yako huko nyuma, mkono kwenye mlango wa gari, kama mtu atakayeondoka kabla ya makofi. Kuna kiti kimoja huku mbele, kando ya aproni ile. Kina mkoba juu yake tangu asubuhi, na mwenye mkoba amekwisha kuwakatalia watu watatu, mmoja wao Padri, ambaye useja wake angalau una kibali.

Mheshimiwa Meya, kamba ya kitambaa iko mkononi mwako, lakini nakuomba usivute bado. Ndugu zangu, asanteni kwa kunivumilia mimi na mwanangu, na kwa kuyapa maneno yangu masikio yenu. Don Evelio, tembea tu. Mkoba umeshaondolewa, na sote tunakusubiri.