Kiungo Haonekani

Benchi la kijiwe liko nje ya kibanda cha kinyozi, limeegemea ukuta, na mguu wake mmoja ni tofali. Anayekaa upande wa tofali haruhusiwi kucheka kwa nguvu. Mlango ukiwa wazi, kutoka hapo unaiona televisheni ya kinyozi, juu ya kioo. Televisheni hiyo ilianguka mwaka jana siku kinyozi alipokuwa anapaka rangi ukuta, na tangu hapo ina mstari mweusi katikati, kutoka juu hadi chini, mpana kama kiganja cha mtu mzima. Kinyozi alisema ni mchubuko tu, utapona wenyewe. Haukupona, na watu wakazoea. Msomaji wa habari wanamjua kwa masikio yake mawili, na wote wamekubaliana kwamba ni mwanamke mzuri.

Jumamosi hiyo Baba Kiungo alifika mapema kuliko wote, mita ya kupimia nguo ikiwa bado inaning'inia shingoni. Ni fundi cherehani, duka lake liko hatua chache kutoka hapo. Mwanawe ana miaka kumi na tisa na anacheza kiungo katika timu moja ya ng'ambo. Walipoagana, baba na mwana waliwekeana ahadi: mwaka mmoja. Mpira ukimfaa, abaki. Usipomfaa, arudi akalie cherehani ya pili, ile iliyofunikwa shuka kumngojea. Sasa mwaka umekwisha, timu inataka kumwongeza miaka miwili, na jana kijana alipiga simu.

— Baba, nawapa jibu kesho baada ya mechi. Wewe unanitazama kila wiki. Utakavyosema, ndivyo nitakavyofanya.

Hapo ndipo mzigo ulipomlemea. Kila wiki Baba Kiungo alikuwa anakaa kwenye benchi hili na kukodoa macho mpaka yanatoa machozi, na kwa mwaka mzima hakuwahi kumwona mwanawe akigusa mpira. Akirudi nyumbani alimwambia mkewe kwamba mtoto hajambo. Asubuhi ya leo alikuwa ameifunua cherehani ya pili na kuitia mafuta.

Bi Birika, muuza kahawa, akamjazia kikombe. Refa akaketi kando yake. Refa alichezesha mechi za shule za msingi mpaka magoti yakamkataa, lakini filimbi bado anaivaa.

— Umeshaamua, Baba Kiungo?

— Nangoja nimwone kwanza.

— Utangoja mpaka uote ndevu nyingine. Mimi wiki jana nilimkazia macho tangu mwanzo. Nikamwona anaingia uwanjani. Nikamwona anatoka, amelowa jasho. Hapo kati, hewa tupu.

— Sasa jasho lilitoka wapi? aliuliza Bi Birika.

— Hofu, Bi Birika. Hofu inatoa jasho kuliko mbio.

Kinyozi akachungulia kutoka ndani, mashine ya kunyolea mkononi. Kwenye kiti alikuwa na mteja aliyenyolewa upande mmoja tu.

— Si hofu, ni baridi. Huko kuna baridi ya kuuma mifupa. Mtu akishikwa na baridi anatafuta mahali pa kujibanza.

— Ajibanze wapi? Uwanja hauna pembe ya kujibanza.

— Zipo nne, Refa. Miaka yote hiyo hukuziona?

Refa alikunywa kahawa yake. Ndipo alipofika Dokta na sanduku lake la dawa ya panya. Huuza dawa hiyo mtaa kwa mtaa, na jina la Dokta alilipata huko.

— Mnaulizana mambo mepesi, alisema, akiketi upande wa tofali kwa uangalifu. Swali ni hili: mtu haonekani mwaka mzima, halafu wanamtaka miaka miwili zaidi. Kwa nini?

Bi Birika akampa kikombe.

— Kwa sababu analipwa ajifiche, alisema Dokta. Ndiyo kazi yake. Wapinzani wanamtafuta uwanja mzima, hawamwoni, wanachoka, wanafungwa. Mimi panya nimewasoma. Panya anayekusumbua ni yule usiyemwona.

— Mwanangu si panya, alisema Baba Kiungo.

— Sijasema panya, kaka. Nimesema tabia.

Mechi ikaanza. Mpira ulitoka kushoto, ukaingia kwenye mstari mweusi, ukakaa humo kitambo, kisha ukachomoka upande wa kulia, ukafika miguuni mwa winga kama umeletwa na mkono.

— Huyu winga ana bahati! alisema Refa. Umeona? Hautafuti mpira. Mpira unamtafuta yeye.

— Wiki jana pia ulimtafuta, alisema kinyozi.

— Kila wiki unamtafuta. Winga kama huyu ndiye wa kumwongeza miaka miwili.

Mtangazaji alikuwa anazungumza lugha ambayo hapo kijiweni hakuna anayeijua. Hata hivyo, jina la kijana lilisikika wazi katikati ya maneno hayo, likarudi, likarudi tena.

— Anamtaja, alisema Bi Birika.

— Anamsema, akamsahihisha Dokta. Mtu hatajwi namna hiyo kwa wema. Mke wangu akinitaja mara mbili mfululizo, najua kuna kitu nimeharibu.

— Mbona sauti ni ya furaha?

— Ndivyo walivyo. Wanakutukana huku wanatabasamu.

Baba Kiungo aliivuta mita shingoni, akaanza kuikunja kidoleni. Alikuwa anamkumbuka kijana enzi zile anacheza nyuma ya shule. Hakuwa na mbio sana. Lakini kabla mpira haujamfikia aligeuza kichwa huku na huku kama mtu anayevuka barabara, na ukimfikia alikuwa tayari anajua wa kumpa. Hata dukani alikuwa hivyo. Ungemnyooshea mkono kuomba mkasi, ukakuta mkasi umeshafika. Mtoto kama huyo aende mbali kote huko akajibanze?

— Nitawaambia ninachofikiri mimi, alisema Refa, na akashusha sauti ingawa barabarani hapakuwa na mtu. Kijana hayupo uwanjani.

— Hayupo kivipi? aliuliza Bi Birika. Umesema unamwona anaingia.

— Naona shati. Nani kaona uso? Wamemvisha mtu mwingine shati, huyo akiingia anatoka kwa mlango wa nyuma. Wanacheza kumi.

— Refa wa huko haoni?

— Refa haangalii idadi, anaangalia mchezo. Mimi nilichezesha shule moja wakiwa kumi na watatu, nikaja kujua wakati wa kugawa soda.

Kinyozi akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyefunguliwa dirisha.

— Ndiyo maana wanamtaka. Mchezaji asiyekuwepo haumii, hali, haugui.

— Na anayenipigia simu ni nani? aliuliza Baba Kiungo.

— Sauti inarekodiwa siku hizi, alisema Dokta.

— Jana ameniuliza kama jino la mama yake limepoa. Na hilo limerekodiwa?

Dokta akafikiri.

— Wana mitambo, alisema.

Hakuna aliyecheka. Dokta alikuwa kwenye tofali, na isitoshe, jambo lenyewe lilikuwa zito. Refa akamwekea Baba Kiungo mkono begani.

— Mwite mtoto arudi, ndugu yangu. Cherehani haina mambo haya. Ukishona, shati linaonekana.

Baba Kiungo akatazama ardhini. Alishayapanga maneno: rudi tu mwanangu, hakuna aibu. Alikuwa anayarudia kimoyomoyo ili sauti isije ikamkatika kwenye simu.

Wakati huo akatokea dada mmoja ambaye hapo kijiweni hakuna aliyemfahamu, amemshika mkono mtoto wake wa kiume mwenye nywele nyingi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, alisema Bi Birika. Kinyozi anamalizia mmoja, kaa hapa. Usikae huko kwa Dokta, kuna tofali.

Akaketi, akampakata mtoto, akasogeza kichwa ili aone ndani. Akatazama televisheni kwa muda. Akainamisha kichwa kushoto, kisha kulia.

— Samahani jamani, aliuliza kwa sauti ndogo. Mwenye mpira sasa hivi ni nani?

— Mwenye mpira ni… alisema Refa, na kidole chake kikanyooka kuelekea kwenye televisheni.

Kidole kikabaki hewani.

Upande wa kushoto wachezaji walikuwa wamesimama, wanatazama katikati. Upande wa kulia nao wanatazama katikati. Mpinzani mmoja akaingia kwenye mstari mweusi kwa kasi kubwa, akatokea upande wa pili akiwa amekaa chini.

— Kinyozi, aliita Refa. Nani ana mpira?

Mashine ya kunyolea ikazimwa.

— Yuko hapo.

— Hapo wapi?

— Hapo kwenye mchubuko.

Mtangazaji alitaja jina la kijana. Akalitaja tena, kwa sauti ya juu zaidi. Mpinzani wa pili akaingia gizani, na huyu hakutoka haraka. Kisha mpira ukachomoka, ukapita katikati ya mabeki wawili, ukamkuta winga peke yake na kipa, naye akausukuma tu wavuni. Mtangazaji akapiga kelele. Hakupiga kelele kwa jina la winga.

Bi Birika alikuwa anamimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa.

Baba Kiungo akainuka. Akaingia ndani, akampita mteja mwenye nywele za upande mmoja, akapanda juu ya kigoda cha watoto, akaweka kiganja chake juu ya mstari mweusi. Kilienea sawasawa.

— Mpira huwa unakaa hapa?

— Muda mwingi, alisema kinyozi, akitazama viatu vyake. Kamera inaufuata, kwa hiyo unakuwa katikati.

— Na mwanangu anacheza wapi, Refa?

Refa akaivua filimbi shingoni, akaitia mfukoni.

— Katikati.

— Mimi tangu mwanzo nilisema yupo, alisema Dokta. Nilisema tu kwamba haonekani.

Mechi ilipokwisha walikaa wakingoja, na hakuna aliyeaga. Hata yule dada, ambaye mtoto wake alikuwa ameshanyolewa, alibaki. Simu ilipolia, Baba Kiungo aliifuta kwanza kwenye suruali, ndipo akapokea. Sauti ya kijana ilikuwa kubwa, na benchi zima likaegemea upande wake mpaka likaachana na tofali.

— Shikamoo, Baba. Umeniona leo?

— Marahaba. Sijakuona hata kidogo, mwanangu.



— Basi nirudi, Baba?

— Urudi kufanya nini? Kaa huko huko. Waambie nimesema ubaki.

— Lakini umesema hujaniona.

— Macho yangu hayo, niachie mwenyewe. Wewe niambie kitu kimoja. Yule mtu wa kwanza alikuja mbio akaishia kukaa chini. Ulimfanya nini?

Kijana akacheka, kicheko kile kile cha dukani, na akaanza kueleza.

— Ngoja, ngoja, alisema Baba Kiungo, akainyoosha simu katikati ya benchi. Anza tena, taratibu. Refa hakuona.