Rodney Bessell, Aliyekataa Kuzima Projekta

Ndugu waombolezaji, marehemu Rodney Keith Bessell alizaliwa tarehe 9 Machi 1954 katika mji huu wa Marrick, kusini mwa Tasmania, mtoto wa pili wa Mzee Clive Bessell, mkata mbao, na mkewe Elsie, na familia imenipa mimi, dada yake Glenys, kazi ya kumsomea wasifu wake, ikijua kabisa kwamba sitasoma kwa upole.

Alianza shule ya msingi hapa hapa mwaka 1960, akaingia sekondari 1967, akaiacha 1970 bila cheti, si kwa uzito wa kichwa bali kwa kuchoka kupigwa, maana wenzake walikuwa wakimvizia getini, na baadhi yao nawaona leo wamevaa tai nyeusi na kuinamisha vichwa.

Mwaka 1971 aliajiriwa katika jumba la sinema la Orient, akafagia, akachana tiketi, akajifunza projekta, na mwaka 1979 akakabidhiwa kazi ya kuchagua filamu za kuonyeshwa, na hapo ndipo mji ulipomtambua, kwani alitafuta filamu za zamani zilizosahauliwa, filamu za watu wa kisiwa hiki waliojirekodi wenyewe kwa kamera za kuazima, na filamu za wanaume wanaopenda wanaume na wanawake wanaopenda wanawake, wakati sheria ya hapa ilikuwa bado inamtisha mwanaume wa namna hiyo kwa jela, kama ilivyoendelea kumtisha hadi mwaka 1997. "Glenys," aliniambia, "watu wetu wanatajwa wakishakufa tu, acha wajione kwenye pazia wangali hai."

Mwaka 1981 mwoka mikate mmoja, Zygmunt Halicki, alipanda hadi chumba cha projekta akiwa amefura, kwa sababu ya filamu ya lugha yake, Kipolandi. "Maandishi yale ya chini katafsiri mlevi gani?" Rodney akamjibu, "Sijui, ila wewe unaonekana huna ulevi, kaa urekebishe." Alikaa, wakaishi pamoja tangu mwaka ule, wakafunga ndoa tarehe 14 Aprili 2018, sheria ilipokubali, hawakujaliwa watoto, na tangazo la gazeti la juzi limemwita Zygmunt "rafiki wa karibu", basi wenye gazeti kama wamo humu wanisikie vizuri, ni mume, nasema tena, mume.

Jumamosi ya tarehe 20 Agosti 1988, jumba likiwa limejaa watu waliofuata filamu kubwa ya kigeni, Rodney alitanguliza filamu fupi ya Gwenda Triffitt na Noreen Cowmeadow, wafungashaji wa matufaha wa mji huu, waliojirekodi wenyewe wakiwa kazini, jikoni, na mlangoni wakibusiana kabla ya zamu, watu wakazomea, wengine wakarusha chupa, na mwenye jumba akapanda ngazi akihema.

"Rodney, zima hiyo takataka!"

"Haijaisha, bwana."

"Nimesema zima! Jumba ni langu!"

"Jumba ni lako, maisha ni yao. Ngoja yaishe."

Iliisha, polisi wawili wakaja wakachukua mikebe ya mkanda, nakala pekee iliyokuwepo, Rodney akafukuzwa kazi Jumatatu yake, mikebe haikurudi, Noreen akafa mwaka 2003 bila kujiona tena, na Gwenda, huyu hapa safu ya mbele, amezeeka na kiu hiyo ya kujiona. Walioshangilia mikebe ikichukuliwa siku ile ni watu wa hapa, si wageni, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia samahani.

Kuanzia 1989 alionyesha filamu hizo katika ukumbi wa chama cha wafungashaji, juu ya shuka la kitanda, Zygmunt akileta mikate, mpaka mapafu yalipomshinda mwaka 2022. Mwaka jana, akipumua kwa mtungi wa oksijeni, alitembelewa na kijana wa wamiliki wapya wa Orient.

"Mzee Rodney, ukumbi mdogo tunataka kuupa jina lako."

"Mtaonyesha nini humo?"

"Filamu zinazouzika."

"Na za hapa? Na zetu?"

"Hizo tutaziangalia baadaye."

"Basi upeni jina la baba yako."

Alifariki tarehe 3 Juni 2024 hospitalini Hobart, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Zygmunt.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomwita Zygmunt mume bila kuulizwa, majirani walioleta supu na kuni, na wafungashaji waliobeba viti miaka yote ile, lakini wamiliki wa Orient walioleta shada kubwa lililoandikwa "mpenzi wa sinema" hatuwashukuru, tumelitoa nje, na Jumatano ijayo pale kwenye ukumbi wa chama Gwenda atakaa mbele ya kamera, asimulie upya yale waliyomnyang'anya, na ninyi mliozomea mna viti vyenu, njooni mtazame hadi mwisho.

Pumzika kwa amani, kaka yangu, hasira tuachie sisi.