Kopi Hakuwa Akimwiga Mtu

Ndugu, jamaa, majirani, walimu na nyinyi watoto wa darasa la tatu mliosimama kule ukutani, mimi ni shangazi wa marehemu, dada wa baba yake, na nimepewa kazi ya kusoma maisha ya mtoto wetu kwa sababu, kama alivyosema kaka yangu asubuhi, mimi ndiye mwenye mdomo. Nitasoma kwa sauti kubwa kuliko ilivyo desturi yangu, maana nimeagizwa nisikike mpaka kule bombani, alikokaa Mama, bibi wa marehemu, ambaye tangu Jumanne amekataa kuingia ndani kukaa na wafiwa, akisema yeye ndiye aliyemuua mjukuu wake na kwamba makaburini haendi.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Mei 2014, alfajiri, katika wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya, akiwa mtoto wa kwanza wa baba fundi wa kuchomelea vyuma na mama mfanyakazi wa kiwanda cha mikate, akalelewa katika nyumba iliyo nyuma ya karakana ya baba yake, mimi na Mama tukiwa humo humo. Jina lake la cheti limeandikwa kwenye jeneza, lakini mtaani hakuna aliyelitumia, tulimwita Kopi, kwa sababu tangu alipojua kutembea alitembea kwa miguu ya watu wengine, akikufuata nyuma kwa nyuma mpaka ugeuke ujione.

Alianza darasa la kwanza Januari 2021 katika shule ya msingi iliyo ng'ambo ya barabara, na ripoti zake zote zilisema ana akili ila hatulii. Mwalimu mkuu atanisamehe, siku moja alimkuta mbele ya darasa, mikono nyuma, tumbo mbele, akikagua madawati, akamwacha amalize ukaguzi, akampa adhabu ya kufagia, kisha, kwa ushahidi wa walimu wenzake, akaenda kujifungia ofisini akacheka mpaka miwani ikalowa.

Baada ya elimu utaratibu unataka nisome kazi, ndoa na watoto. Marehemu alikuwa na miaka tisa. Kazi yake ilikuwa kutuchekesha, na aliifanya kila siku bila likizo, kuhusu ndoa alikuwa ametangaza kwamba ataolewa na kinyozi wa kona kwa sababu ana kiti kinachozunguka, na mtoto alijihesabia mmoja, mdogo wake aliyezaliwa mwaka jana, ambaye alimbeba kutwa na kumwita mwanangu, na ambaye tangu mwezi uliopita anatambaa mpaka chini ya kitanda akimtafuta.

Sasa nafika kwenye ugonjwa, na hapa naomba utulivu.

Mwishoni mwa Julai homa ya mafua iliingia nyumbani, ikaanza kwa Mama, ikatupitia sote sita, hata yule mtoto mchanga. Mama alipokuwa akikohoa, Kopi alikaa mapajani mwake akikiiga kikohozi kile, mkono kifuani, macho yametoka, na Mama akicheka mpaka kikohozi kinazidi. Kopi naye akaugua, akalala siku chache, akapona kabisa, akarudi shule, na sisi tukayasahau mafua.

Ijumaa tarehe 11 Agosti alilalamika kwamba vidole vya miguu vina ganzi, tukadhani viatu vinambana. Jumamosi jioni tulikuwa tumekaa uani, akatoka chumbani miguu imepanuka, nyayo zikipiga sakafu, mkono ukishika ukuta, na kama ilivyokuwa kawaida ya nyumba ile tukaanza kubahatisha ni nani huyo, baba yake akasema ni muuza maji, mimi nikasema ni mwenye duka la dawa, Mama akasema huyo ni mimi na magoti yangu, tukampigia makofi, maana tuliona leo amepatia kuliko siku zote. Kila jina alilitikisia kichwa, akafika katikati ya ua, akaketi chini, akasema hamwigi mtu, miguu haitaki. Mama yake ndiye aliyeinuka kwanza, sisi wengine bado tulikuwa tunacheka.

Zahanati walimpima malaria, hakuwa nayo, wakatuandikia barua ya kwenda hospitali ya rufaa usiku ule ule. Huko daktari wa watoto alimgonga magoti kwa kinyundo na mguu haukuruka, akatueleza kwamba kinga ya mwili, ikishamaliza kupigana na kirusi, mara chache sana hukosea ikageukia mishipa ya fahamu ya mwili wenyewe, kwamba watoto wengi hurudi wakatembea, na kwamba hakuna anayeweza kutabiri. Alianzishiwa dawa ya dripu bila kucheleweshwa, hilo liwe wazi kwa wote wanaonong'ona. Ugonjwa ulipanda hata hivyo, miguu, mikono, kifua, akawekwa kwenye mashine ya kupumulia, mwisho ukafika usoni, ule uso uliokuwa na sura za mtaa mzima ukatulia, akabaki akitujibu kwa kope, kisha kope nazo zikakataa, na daktari akatuambia tuendelee kuzungumza naye kwa kuwa anasikia kila kitu. Hilo ndilo linaloniumiza mimi kuliko yote, kwamba alikuwa humo ndani akisikia. Jumanne tarehe 5 Septemba, saa tatu asubuhi, moyo wake, ambao nao huongozwa na mishipa ile ile, ulipoteza mwendo, na madaktari hawakuweza kuurudisha.

Familia inawashukuru daktari huyo na wauguzi wa wodi ya wagonjwa mahututi, hasa yule aliyekuwa akimsuka nywele ingawa hakuna aliyemwagiza, inawashukuru majirani waliotufungulia milango na kutupikia, mafundi wa karakana waliofunga kazi, na wafanyakazi wenzake mama yake kiwandani waliomshikia zamu.

Limebaki lile nililoagizwa, na aliyeniagiza ni wifi yangu, mama wa marehemu. Mama, wewe daktari alipokuwa akieleza hukuwepo, ulikuwa nyumbani na mtoto mchanga, kwa hiyo sikiliza sasa mbele ya watu wote hawa. Tulimuuliza. Alisema mafua yale yalipita kwa watu sita na watano tuko hapa, alisema mtu humwambukiza mwenzake mafua lakini ugonjwa huu hakuna anayeweza kumpa mwenzake, na alisema Kopi angeweza kuupata hata kwa mafua ya shuleni. Wifi yangu anasema mtoto wake alikaa mapajani mwako kwa sababu alipapenda, na kwamba hana neno nawe. Ameweka mkeka pembeni yake na hajamruhusu mtu kuukalia. Vijana wa kubeba wako tayari tangu saa saba, lakini amesema jeneza halinyanyuliwi mpaka uje, na amesema mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Nawe Kopi, mwanetu, pumzika kwa utulivu, tunamsubiri bibi yako.