Bi Kifungu na Hati Zake Mbovu

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya kufundisha sheria ya jinai na mwenendo wa mashtaka katika chuo chetu kwa miaka thelathini na minne, Bi Kifungu anastaafu. Jina lake halisi lipo kwenye mlango wa ofisi yake na kwenye barua za utawala, lakini mgeni akilitumia kuulizia njia, walinzi hutazamana. Kila mtu hapa anamjua kwa jina alilobatizwa na darasa lake la kwanza, kwa sababu hakuna kauli iliyowahi kupita mbele yake bila kuulizwa imetoka kifungu gani. Asubuhi moja nilimwambia kwamba mvua itanyesha, naye akaniuliza kifungu gani. Mvua ilinyesha, na bado hakuridhika.

Nimeombwa niandike mimi kwa kuwa ofisi yangu imepakana na chumba chake cha kufundishia, na ukuta wenyewe ni mwembamba. Mimi hufundisha sheria ya mikataba, somo la watu wastaarabu wanaoweka saini na kwenda zao. Upande wa pili wa ukuta watu walikuwa wanakamatwa, wanapekuliwa, wananyimwa dhamana na kuangua vilio. Nilimlalamikia mkuu wa idara kuhusu kelele hizo. Alikuja kuzisikiliza mwenyewe, akavuta kiti, akabaki hadi hukumu iliposomwa, kisha akaniambia mshtakiwa ameonewa.

Bi Kifungu alikuja kwetu akiwa bado kijana, akitokea kwenye uendeshaji wa mashtaka. Alikuta somo likifundishwa kama yalivyofundishwa mengine yote: mhadhiri anasoma, wanafunzi wanaandika, mtihani unafika, kila mmoja anamwaga alichokariri na kukisahau kabla ya jioni. Maktaba ilikuwa na kitabu kimoja cha mwenendo wa mashtaka, jalada limeng'oka, na foleni ya kukiazima ilizidi ile ya chakula. Wanafunzi walijua maana ya wizi neno kwa neno. Ukiwaomba waandike hati ya mashtaka, yaani ile karatasi inayomweleza mshtakiwa kosa analodaiwa kutenda, walitazama dari.

Hakuwahi kuwa mtu wa kunung'unika kwa muda mrefu. Muhula wake wa pili alikuja na mikoba michache ya turubai aliyoshonesha kwa fundi wa mabegi, akaiita mikoba ya jinai. Ndani ya kila mkoba mlikuwa na kesi nzima: kufuli lililovunjwa au kiatu cha mguu mmoja kama kielelezo, maelezo ya mashahidi yanayopingana, fomu za dhamana, na kile kilichompa sifa kuliko vyote, hati za mashtaka mbovu. Alizitunga mwenyewe kwa raha ya mtu anayetega panya. Hati moja ilitaja tarehe ambayo haimo katika kalenda. Nyingine ilibananisha makosa mawili katika shtaka moja. Nyingine ilimshtaki mtu kwa wizi bila kusema mali iliyoibwa ni ya nani. Kundi la wanafunzi liliazima mkoba kwa wiki nzima kama watu wanavyoazima kitabu, likausaka ubovu, na ole wao waliorudi kusema hati iko sawa.

Chumba chake cha mahakama kilikuwa stoo ya viti vilivyovunjika. Aliomba ufunguo, akatoa viti, akamleta mumewe, ambaye ni fundi seremala, amjengee kizimba kwa mbao za milango ya zamani. Shemeji yetu ni pande la mtu, na kizimba alikipima kwa mwili wake. Tangu siku hiyo kila mshtakiwa mfupi akiingia humo hupotea, ikabidi liwekwe kreti la soda la kusimamia. Kuna wakili mashuhuri siku hizi, simtaji, ambaye alianza safari yake ya sheria akiwa juu ya kreti hilo.

Kesi ya mwaka, ile ya kuigiza ya darasa zima, ilianza bila taarifa. Bi Kifungu akiwa katikati ya somo, mtu aliingia, akakwapua mkoba wake wa mkononi na kutoka mbio, na darasa likaambiwa liandike lilichokiona. Hapo ndipo watu walipogundua kwamba mashahidi themanini ni wezi themanini tofauti, mmoja mrefu, mmoja mfupi, mmoja mwenye ndevu. Mwaka mmoja mlinzi mpya, ambaye hakuna aliyekumbuka kumweleza, alimbwaga yule mwizi wa mfano kwenye maua karibu na lango na kumkalia. Kijana wa watu alijitetea kwamba yeye ni mshtakiwa wa masomo. Mlinzi alisema huko kwao wezi wote husema wanasoma. Aliitwa shahidi, wanafunzi wakamdodosa kwa maswali mpaka akawa hana uhakika analinda lango lipi.

Lakini mwaka ninaotaka kuueleza hapa haukuwa wa kucheka. Binti mmoja wa mwaka wa tatu alipelekwa kwenye ofisi moja ya mashtaka kwa mafunzo ya vitendo. Msimamizi wake alimwagiza aandike hati ya wizi. Binti, kwa kutaka kufanya vizuri, alitoa kwenye begi lake mfano aliounakili kutoka mkoba wa jinai, akabadilisha majina na tarehe, akaupeleka. Msimamizi alitia saini bila kusoma. Mahakamani hakimu aliisoma mbele ya watu wote, akauliza mali iliyoibwa ni ya nani. Binti alikuwa amenakili hati mbovu. Katika chuo chochote kingine asingeweza kukosea hivyo, kwa kuwa hakuna chuo kingine kilichokuwa kikiandika hati mbovu na kuwagawia watu.

Hati ilirekebishwa na kesi ikaendelea, ila msimamizi aliyeaibika alituandikia malalamiko makali. Baraza la Taaluma likakaa. Pendekezo lililokuwa mezani lilikuwa na sehemu mbili, na zote zilimkata maini Bi Kifungu. Mikoba ikusanywe, chumba kirudi kuwa stoo, wanafunzi wapewe mifano sahihi wakaikariri. Na yule binti arudie mwaka kwa uzembe. Baba yake binti alikuwa kinyozi mwenye watoto wengine wanaosubiri zamu ya kusomeshwa. Kurudia mwaka kwake kulikuwa sawa na kuacha.

Bi Kifungu hakuandika barua ya kujieleza. Aliliomba Baraza lije kwenye chumba chake na kumshtaki. Mwenyekiti, mtu mkavu ambaye hatukuwahi kuona meno yake, alikubali, nadhani kwa udadisi. Wanafunzi wa mwaka wa pili walipewa upande wa mashtaka. Wa mwaka wa tatu wakachukua utetezi, wakiongozwa na yule yule binti, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumwambia akae pembeni. Sisi wafanyakazi wengine tulijazana ukutani. Bi Kifungu akapanda kizimbani, na kwa kuwa si mrefu, akapewa kreti.

Hati ya kumshtaki ilikuwa imeandikwa na katibu wa Baraza. Ilisomwa. Binti akasimama na kusema kwa adabu kwamba hati inaeleza mwalimu amekosa, ila haielezi amevunja kanuni ipi. Kicheko kilipasuka mpaka dirishani walikokuwa wamening'inia wengine. Tulidhani mchezo umeisha. Mwenyekiti, bila kutabasamu, akasema sheria inaruhusu hati kurekebishwa, na akaamuru irekebishwe hapo hapo. Ndipo tukajua kwamba naye alikuwa mwanafunzi mzuri zamani. Katibu aliandika upya: kwamba mshtakiwa alitoa nyaraka zenye makosa kwa wanafunzi bila kuzitia alama ya kuonyesha kuwa ni za mazoezi, kinyume na kanuni ya chuo, akiitaja kwa namba.

Utetezi ulikuwa umejiandaa vilivyo. Walikuwa na mashahidi, walikuwa na matokeo ya mitihani, walikuwa na pingamizi za kuwachosha watu mpaka jioni. Mshtakiwa aliulizwa kama shtaka ni kweli au si kweli. Kwa desturi ya chumba kile hakuna aliyewahi kukubali kosa, maana ukikubali kesi inaisha na hujapata maksi za kudodosa.

"Ni kweli, mheshimiwa," alisema Bi Kifungu. "Sikuzitia alama. Mwanafunzi alinakili alichopewa na mwalimu wake. Kosa ni la mwalimu."

Mimi ilinichukua muda kuelewa alichofanya, na nilipoelewa macho yalinijaa machozi, sioni aibu kusema. Angeweza kushinda ile kesi, silaha zote alikuwa nazo. Angeshinda mikoba yake na chumba chake, na binti angebaki na mzigo wake peke yake, kwa sababu kama mwalimu hana kosa basi lazima alibebe mtu mwingine. Alichagua kutiwa hatiani ili shauri la binti life.

Utetezi ulibaki na jambo moja la kufanya, nalo ni kumwombea mshtakiwa apunguziwe adhabu. Binti alisimama tena. Makaratasi yake yote yalikuwa hayana kazi tena, akayaweka chini.

"Waheshimiwa, nimesoma hati sahihi nyingi, sikumbuki hata moja," alisema. "Hii mbovu nitaikumbuka mpaka nizeeke. Hakuna mtu nitakayemshtaki maishani mwangu bila kuuliza mali ni ya nani. Naomba msiwanyime wadogo zangu makosa haya. Bora wakosee humu."

Baraza lilitoka nje kujadiliana, likarudi upesi kuliko tulivyotarajia. Mwenyekiti alisoma uamuzi akiwa amesimama. Mshtakiwa ametiwa hatiani kwa kukiri kwake. Kwa kuwa kosa ni lake, mwanafunzi hana la kujibu na ataendelea na mwaka wake. Adhabu: kila hati mbovu igongwe muhuri mwekundu wa neno MAZOEZI, na mshtakiwa aandae mikoba ya kutosha kila kundi, wakiwemo wanafunzi wa jioni, kwa gharama ya chuo. Ikumbukwe kwamba Bi Kifungu alikuwa ameomba mikoba hiyo kila mwaka na kila mwaka alijibiwa kwamba hali si nzuri. Ndiye mshtakiwa pekee ninayemjua aliyetiwa hatiani akaondoka na bajeti. Siku hiyo tuliyaona meno ya mwenyekiti.

Yaliyofuata ni furaha tupu kuyaandika. Mikoba ilijaa rafu mbili za maktaba. Wanafunzi wa jioni, wanaofika wamechoka kutoka kazini, waliomba kitu cha kusikiliza njiani, naye akawarekodia maelezo ya mashahidi kwa sauti, akiwatumia walinzi, wapishi na makatibu muhtasi wetu. Mpishi mkuu hadi leo anajivunia kuwa shahidi mwongo bora. Vyuo vingine vilituma watu kuja kutazama, vikaondoka na nakala. Somo lililokuwa likiangusha watu kwenye mtihani wa uwakili likawa ndilo linalowabeba wetu. Leo ukiingia mahakama yoyote ya karibu na ukasikia wakili kijana anasimama kuulizia kifungu, muulize alisoma wapi. Yule binti ni mwendesha mashtaka mwandamizi sasa, na nasikia hatii saini karatasi ambayo hajaisoma.

Familia ya Bi Kifungu nayo inastahili shukrani, maana iliishi na sheria usiku na mchana. Binti yake mkubwa, ambaye ni muuguzi, anasema nyumbani kwao glasi ikivunjika hapakuwa na makofi, palikuwa na kesi. Kitinda mimba wao aligundua mapema kwamba mtuhumiwa ana haki ya kukaa kimya, akaitumia haki hiyo kwa miaka kadhaa. Shemeji hajawahi kushinda shauri hata moja, na anatuambia hana mpango wa kukata rufaa.

Wiki iliyopita kesi ya mwaka ilikuwa inafikia hukumu, ya mwisho katika utumishi wake. Tulikuwa tumemchelewesha kwa chai na hotuba, na alipofika mlangoni kwake alikuta mahakama imeshaanza. Hawakumsubiri. Hakimu alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, msichana mdogo mwenye miwani, na wakili wa utetezi alikuwa katikati ya hoja. Bi Kifungu akasimama mlangoni, watu wote wakageuka kumtazama, wakili akasahau sentensi yake. Hakimu yule alimjua vizuri sana aliyesimama pale.

"Mama, kaa chini, tafadhali," alisema. "Mahakama inaendelea."

Bi Kifungu akainamisha kichwa kwa hakimu, akatafuta nafasi kwenye benchi la nyuma, akakaa. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, na hakuuliza kifungu hata kimoja.

Dada yetu, kwa niaba ya wenzako wote, asante. Nenda kwa mume, watoto na wajukuu ukiwa na afya, ulale mpaka jua liingie chumbani, na yeyote atakayekusumbua, tuna watu wa kumshtaki.