Bi Asila Khalil Suud na Meli Mbili za Maisha Yake (1942–2025)

Marehemu Bi Asila Khalil Suud alizaliwa tarehe 9 Machi 1942, Malindi, Mji Mkongwe, mtoto wa pekee wa Bwana Khalil Suud na Bi Shariffa. Alihitimu Kurani chuoni akiwa mdogo, kisha akasoma skuli mpaka darasa la nane.

Mwaka 1960 aliajiriwa kuwa yaya katika nyumba ya daktari mmoja wa Kiingereza. Mei 1961 daktari alipomaliza mkataba, Bi Asila alifuatana na familia yake London kulea mtoto wao. Siku zile aliyekwenda Ulaya alipanda meli ya abiria, iliyobeba watu na mifuko ya barua na kupasua bahari hata ikichafuka, kwa kuwa ilikuwa ikingojewa upande wa pili. Ilikuwa nyembamba, pua ndefu. Matajiri walikaa juu, wengine chini, na baina yao kulikuwa na mlango wenye bawabu. Bi Asila alimpandisha mtoto juu kula, akasimama nyuma ya kiti chake, kisha akashuka kula kwake.

Mama yake alimuaga gatini. Mwaka uliofuata khabari zikamfikia London kwamba Bi Shariffa amefariki, na ameshazikwa.

Alirudi 1963. Ndani ya meli ya kurudi alikutana na Yussuf Talib wa Jang'ombe, msaidizi wa mpishi, aliyempelekea chai ya tangawizi kila alipochafukwa na roho. Walioana Juni 1965, wakajaaliwa Usi na Amne. Tangu 1968 hadi 2002 Bi Asila alifundisha watoto wa chekechea Jang'ombe. Bwana Yussuf alitangulia mbele ya haki mwaka 2009.

Mjukuu wake Shadya, binti wa Amne, alilelewa naye. Mwaka 2023, Shadya akiwa mhudumu wa hoteli Uroa, alipata kazi katika meli ya kitalii. Bi Asila alikataa katakata.

"Meli inakuchukua inakushusha huko," alisema, "na huku watu wanakufa."

Shadya hakutaka kuondoka bila radhi, akabaki.

Januari 2024 meli kama hiyo ilifunga gati Malindi. Nassra, rafiki wa Shadya aliyefanya kazi humo, aliwaombea ruhusa ya kupanda. Bi Asila aliiona ndefu kwenda juu kuliko majumba ya Michenzani, imejaa roshani, na bwawa la kuogelea juu kabisa.

"Roshani hizi bahari kubwa itaziacha?"

"Bahari ikichafuka tunaikwepa, bibi," alijibu Nassra. "Hatuna haraka."

"Kwani inakwenda wapi?"

"Haiendi mahali. Inazunguka, kisha inawarudisha abiria pale walipopandia."

"Basi wamelipa wapelekwe kwao?" Akacheka mpaka akaegemea ukuta.

Nassra aliwakalisha ukumbini pamoja na wageni, akawaletea chai. Bi Asila alitafuta kwa macho bawabu, asimwone. Hapo akauliza lililomkaa rohoni.

"Na mimi nikiumwa?"

"Shadya atashuka bandari inayofuata, apande ndege."

Bi Asila alimaliza chai yake, wakashuka. Gatini alimshika Shadya mkono. "Nenda, mwanangu. Radhi yangu unayo. Lakini nikikwita, uje."

Agosti 2025 alianza kusumbuliwa na moyo, akalazwa, akarudishwa nyumbani. Mwanzoni mwa Oktoba alimpigia simu Shadya, ambaye meli yake ilikuwa pwani ya Ugiriki. Siku ya tatu Shadya akabisha hodi, begi bado mkononi.

"Mama yangu sikumuwahi," Bi Asila alimwambia. "Wewe umeniwahi."

Alifariki asubuhi ya Ijumaa, tarehe 10 Oktoba 2025, nyumbani kwake Jang'ombe. Shadya ndiye aliyemtia maji kinywani.

Ameacha watoto wawili, Usi na Amne, wajukuu saba na vitukuu watatu. Anazikwa leo alasiri Mwanakwerekwe. Mwenyezi Mungu amsamehe, ampokee kwa upole, na apumzike kwa amani karibu na wazee wake. Amin.