Sifa Aliyojipa Kamusi Mbele ya Wakwe

Kinyozi hunyoa mlango ukiwa wazi ili asipitwe na neno, maana benchi liko pale nje, limeegemea ukuta wake upande wa kivuli. Chupa ya kahawa ni yake, vikombe ni vya kila mtu. Breki, dereva wa lori aliyestaafu, hufika mapema, naye anaamini hakuna kitu duniani kisichofanya kazi kama gari. Anayemfuatia ni Kamusi. Huyu maisha yake yote aliyamaliza kwenye kiwanda cha uchapaji, akipanga herufi za Kiingereza moja moja, tena kinyumenyume, bila kukosea. Mpe neno refu kama treni, atakutajia herufi zake akiwa amefumba macho. Maana ya neno hilo ni habari nyingine, na hilo hajapata kumwambia mtu.

Siku hiyo Kamusi aliketi, akapokea kikombe, akasema ana mtihani wa kuwapa. Hakusema ana swali. Kuuliza hakukuwa kawaida yake. Hata kiwandani, wakubwa walipomwambia jambo la Kiingereza, aliitikia kwa kichwa akaenda zake.

— Mtu akikwambia wewe ni "hard to put up with", amekupa nini?

Breki akataka kujua kwanza nani kaambiwa. Kamusi akajikohoza. Akaeleza kwamba mkwewe, mke wa mwanawe, maana yeye Kamusi anaishi kwao tangu alipofiwa na mkewe, alikuwa jikoni anaongea na dada yake kwa simu. Wale wawili wakianza mambo mazito huhamia kwenye Kiingereza. Naye Kamusi, akipita ukumbini, akasikia vizuri kabisa: baba mkwe wangu ni "hard to put up with". Mkono mmoja una simu, mwingine unafua shati lake yeye Kamusi. Mtu anayekufulia shati atakusema vibaya?

— Hard ni ngumu, alisema Kinyozi kutoka ndani. Kakuita mgumu. Hutoi hela.

— Mgumu wa imara, alisahihisha Kamusi. Put ni weka. Up ni juu. Mtu imara, wa kuwekwa juu.

Breki akapinga. Kuweka juu, alisema, ni kazi ya jeki. Lori likibeba saruji halipandi kwenye jeki hivi hivi, linataka wanaume. Kwa hiyo mkwe kasema Kamusi ni mzito, ana hadhi ya tani nyingi, si wa kuinuliwa na mtu mmoja. Kinyozi naye akaipandisha zaidi. Kwa maoni yake yule binti anamtafutia mzee cheo mtaani, ila anaona itakuwa ngumu kumpata mwenzake wa kusimama naye, ndiyo maana likaongezwa lile "with". Breki akamuuliza cheo gani. Kinyozi akasema hata uenyekiti, nani ajuaye.

Kamusi alicheka pamoja nao. Lakini kuna jambo hakuwa amelisema, na likazidi kumsumbua kadiri walivyomsifu. Mwisho akalitoa, kwa sauti ya mtu anayesimulia ushindi.

Jumapili wazazi wa mkwe walikuja kutembea. Mzee mwenzake ni mwalimu mkuu mstaafu, suti na miwani. Baada ya chakula kila mtu akasema mawili matatu. Ilipofika zamu yake Kamusi alisimama, akaona asiachwe nyuma, akatamka polepole, herufi zote mahali pake, kwamba yeye, bila kujisifu, ni "hard to put up with", na kwamba mkwe wake ni shahidi.

— Wakasemaje? aliuliza Breki.

— Walinyamaza. Heshima.

Mama wa mkwe alijifunika mdomo kwa leso. Mwalimu mkuu alivua miwani, akaifuta, akasema anashukuru kuambiwa mapema. Mwanawe aliinama kama mtu anayetafuta kifungo chini ya meza. Na mkwe alikusanya sahani ambazo watu walikuwa bado wanakulia, akaenda nazo jikoni. Hayo Kamusi hakuyasimulia yote. Tangu siku hiyo nyumba ilikuwa na adabu ya hospitali: shikamoo baba, chakula tayari baba, basi.

Ndani, kwenye kiti cha kunyolea, kulikuwa na mteja ambaye hakuna aliyemjali. Alikuwa amelazwa kichwa nyuma, povu limemjaa mpaka puani. Akamshika Kinyozi mkono, akaomba radhi kwa kuingilia, akasema yeye hufundisha Kiingereza shule ya jioni na lile somo analijua.

— Wenzetu wa Kiingereza wanaanza na mtu, alisema. Wanaweka easy au hard. Halafu wanataja kazi unayofanya wewe juu ya mtu huyo. "She is easy to get on with" ni kwamba ni rahisi kuelewana naye. Huwezi kuvunja maneno yale moja moja. Yanakwenda kwa kundi.

— Na hilo langu? aliuliza Kamusi.

Mteja akageuza kichwa kidogo kuelekea mlangoni. Povu lilikuwa linamshuka shingoni.

— Put up ukiiacha peke yake, unatundika picha ukutani. Ukiongeza with, ni kuvumilia. Maana yake ni kazi kumvumilia mtu huyo, mzee wangu. Nisamehe.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Breki alikitazama kikombe chake kana kwamba kimeingia inzi. Kamusi alihisi joto likimpanda kutoka kifuani mpaka kwenye ncha za masikio, na mbele ya macho yake akaiona ile leso, ile miwani ikifutwa, zile sahani zikiondolewa na wali wake. Alisimama mwenyewe. Hakusukumwa. Akajitangaza. Na lile "with" alilipanga mara ngapi kiwandani, akilihesabu kuwa takataka ya kujazia mstari?

— Lakini angalia, alisema mteja, akitafuta pa kumshikia. Mtu husema hivyo juu ya mtu anayeendelea kumvumilia. Akishamchoka kabisa, anasema mengine.

Kinyozi akamwambia kwa upole afunge mdomo, wembe uko karibu.

Ndipo mkwe alipotokea kwenye kona, kanga begani, kipakiti cha vidonge mkononi. Baba ameacha dawa ya presha mezani, alisema, na asubuhi hakuimeza. Akawasalimu wote. Waliitikia kwa sauti ndogo mno, akageuza macho kutoka kwa mmoja hadi mwingine.

— Kuna nini?

Kamusi angeweza kusema hakuna. Neno lilikuwa tayari ulimini. Lakini alikuwa amekwisha kuaibika, hakubakiwa na cha kulinda.

— Nimeambiwa maana yake, mama. Yale maneno ya Jumapili.

Binti aliufumba mkono juu ya vidonge. Uso wake nao ukabadilika, ukawa wa mtu aliyefumaniwa.

— Nilisema siku niliyochoka, baba. Ulikuwa umenisahihisha mbele ya watoto, mara ya pili tangu asubuhi, chumvi ya mchuzi. Nikampigia dada. Sikujua uko ukumbini.

— Sikujua nilichosikia, alisema Kamusi. Wala nilichosema.

Alipokea dawa, akatia kidonge mdomoni, akakisukuma kwa kahawa iliyopoa. Binti alimngoja ameze, kama anavyowangojea watoto. Kisha akauliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kuelewa tu:

— Mimi na wewe tuko nyumba moja. Neno limetoka kinywani mwangu. Mbona hukuniuliza mimi?

Breki akasogeza miguu. Ndani, wembe wa Kinyozi ulisimama juu ya shavu la mteja, na mteja, aliyekuwa na majibu yote, akatazama dari. Kamusi aliweka kikombe chini. Binti bado alikuwa amesimama pale, anamtazama, anasubiri.